Kisu Kifupi Ndicho Kitakachofanya Kazi

Kisu cha kwanza nilichonunua kwa ajili ya kulala porini kilikuwa na dira kwenye kitako cha mpini, meno ya msumeno mgongoni, na uwazi ndani ya mpini wa kutilia ndoana na njiti za kiberiti. Nilikipata Nairobi, ndani ya ala yenye mikanda ya kufungia pajani kama askari wa sinema. Tulipofika Ikutha, kusini mwa Kitui, mwenyeji wetu alituchinjia mbuzi, nami nikajitia kimbelembele kuchuna. Kwenye goti la kwanza ncha ilipinda. Kwenye la pili mpini uliachana na bapa, dira ikadondoka mchangani. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi juu ya mtungi uliolazwa hakucheka. Alitoa mfukoni kisu cha jikoni kilichokwisha kunolewa mpaka kikabaki na upana wa kidole, akasema, "Kijana, lete huo mguu." Alimaliza kumchuna mbuzi kabla maji hayajachemka.

Tangu siku hiyo, nikiulizwa na watu wanaojiandaa kwenda kulala Chyulu, au karibu na jiwe la Nzambani, au kuvua mtoni Athi, wabebe kisu gani, nami huwauliza: utakata nini? Jibu la kweli huwa fupi. Utakata kamba, vitunguu, mkate, nyama ya mbuzi, pengine samaki. Utapasua kuni na kuondoa matawi ya miiba pale unapotaka kusimamisha hema. Hutapigana na simba, na ukikutana na ndovu aliyevuka kutoka Tsavo kuja mashambani, urefu wa kisu chako hautakusaidia kitu.

Wala hutawinda. Najua Ukambani ni nchi ya wawindaji. Mshale wa Mkamba wenye sumu ulijulikana na kuogopwa mbali, na katika miaka ya 1956 na 1957 wasimamizi wa hifadhi kina David Sheldrick na Bill Woodley waliendesha msako mkubwa huko Tsavo dhidi ya wawindaji wa pembe, Wakamba na Waliangulu. Lakini Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimsamehe hata anayejitetea kwamba alikuwa akitafuta kitoweo tu. Digidigi mmoja ndani ya gunia anatosha kukusimamisha mbele ya hakimu. Kwa hiyo vile visu vinavyouzwa kwa jina la kuwindia, vyenye bapa nene kama la shoka na kulabu mgongoni ya kupasulia tumbo la swara, viache palepale dukani. Hiyo kulabu hainoleki kwa jiwe, na unene ule hauwezi kumenya hata kiazi. Mnyama utakayemchuna huku ana mwenyewe, na pengine alinunuliwa soko la Emali asubuhi ileile.

Basi anza na kisu kifupi. Tafuta chenye bapa la sentimita 9 hadi 11, unene wa mgongo milimita 2 au 3, kisichokunjwa. Watu wengi huona hicho ni kidogo mno. Wakishamchuna mbuzi mmoja huacha kubisha. Mbuzi akiwa amening'inizwa kwa miguu ya nyuma, unakata ngozi kuzunguka vifundo, kisha unashuka upande wa ndani wa paja. Hapo kisu kinaingizwa chini ya ngozi, makali yakitazama juu, ili ukate ngozi kutoka ndani kuja nje. Ukikata kutoka juu, manyoya yanakatika na kumwagika kwenye nyama, na utayatafuna jioni. Ngozi ikishafunguka, kisu kinapumzika. Kazi inafanywa na ngumi, unaisukuma kati ya ngozi na mwili mpaka ngozi iachie. Kisu kinarudi pale tu ngozi inapogoma, na ngozi isiyotobolewa ndiyo anayoitaka mnunuzi.

Kazi inayoonyesha ubora wa kisu kifupi ni kufungua tumbo. Unatia tundu dogo, unaingiza vidole viwili kuinua ukuta wa tumbo, na ncha ya kisu inasafiri katikati ya vidole hivyo, makali juu, bila kugusa matumbo. Kwa kisu cha sentimita 20 huioni ncha iko wapi. Ukitoboa tumbo kubwa lenye majani, harufu itakwambia kabla ya macho. Kwenye viungo pia, usikate kwa nguvu kama nilivyofanya mimi. Tikisa mguu, tafuta kwa kidole gumba mahali mifupa inapokutana, ukate kano zinazoishikilia. Kiungo chenyewe kitafunguka. Na kama kuna Waislamu katika kundi lenu, mjue mapema nani atakayechinja, na mpeni yeye kisu kikali kuliko vyote mlivyo navyo.

Visu vya kukunja vina nafasi yake mfukoni, kwa kumenya chungwa au kukata uzi, mradi viwe na kizuizi cha kuvifunga vikiwa wazi. Kisu cha Opinel cha Ufaransa kinatengenezwa tangu 1890, lakini pete yake ya kukifunga ilikuja mwaka 1955 tu. Nadhani katika miaka yote ile ya kati kuna vidole vingi vilivyolipa gharama. Kwa mbuzi kisu cha kukunja sikipendekezi. Damu na mafuta hujaa kwenye kiungio, na kuviosha huko ndani kwa maji ya mtungi uliobebwa kilomita kadhaa ni kufuru.

Kuhusu chuma chenyewe, mabishano hayaishi. Chuma kisichoshika kutu, hiki tunachokiita stenlesi, ni rahisi kutunza lakini kilicho laini kati yake hupoteza makali upesi, na kigumu kati yake hukuchosha kukinoa. Chuma cha kawaida hunoleka hata kwa jiwe la mtoni, ila huota kutu. Kwa mtu wa Mombasa ningesita kumshauri, kwa sababu hewa ya chumvi haina huruma. Kitui na Makueni ni nchi kavu. Hapa chuma cha kawaida hukaa vizuri ukikipangusa na kukipaka mafuta kidogo ya kupikia. Kitu kimoja tu kitakushtua: ukikitumia kukata maembe, na msimu wa maembe Makueni hakuna atakayekwepa, bapa litageuka jeusi na buluu kwa asidi ya tunda. Hiyo siyo kutu. Liache hivyo hivyo, ule weusi unalikinga kidogo.

Kama hutaki kusumbuka, visu vyepesi vya Mora kutoka Uswidi ni vizuri kuliko bei yake, na visu vya jikoni vya Tramontina kutoka Brazili vinapatikana madukani mwetu. Lakini mimi napenda kununua kwa fundi. Soko la Kalundu mjini Kitui, au siku ya soko Wote na Kibwezi, utakuta visu vya jua kali vimetandazwa juu ya gunia. Swali la kwanza ni chuma kilitoka wapi. "Hii ni springi ya lori, mzee," fundi atasema, na pengine ni kweli. Springi za magari ni chuma kizuri sana cha kisu. Nondo ya ujenzi sicho. Itang'aa, itakata siku mbili, kisha itakuwa kijiko. Visu vya msumeno wa chuma vinashika makali ajabu lakini vinavunjika kama biskuti ukivipinda.

Ukitaka kujua, nenda na tupa yako ndogo. Omba ruhusa, kisha ipitishe karibu na kitako cha bapa, mahali ambapo alama haitaonekana. Tupa ikizama na kula chuma kama inakula mbao, hicho ni chuma laini. Ikiteleza kabisa kama juu ya kioo, ni kigumu mno, kitameguka. Unataka ile hali ya katikati, tupa inauma kwa shida kidogo. Halafu inua kisu kwenye jua ukitazame makali. Ukiona doa la buluu au zambarau karibu na ukingo, ujue mashine ya kusagia ilikiunguza na ugumu umekwisha pale. Baadhi ya mafundi hupaka rangi nyeusi. Uliza inaficha nini. Mwisho tazama mkia, yaani chuma kinachoingia ndani ya mpini. Ukipita mpaka mwisho wa mpini na kushikwa kwa ribiti mbili au tatu, huo mpini hautakuacha. Kisu changu cha dira kilikuwa na mkia wa sentimita mbili, na gundi.

Mpini wa mbao ni mzuri kuliko wa plastiki laini, hasa mkono ukiwa na mafuta. Mafundi wakipata kipande cha mpingo kilichobaki kwa wachongaji, hutoa mpini utakaowazidi umri wajukuu zako. Shika kisu kwa mkono uliolowa kabla ya kulipa. Ukiona aibu kuomba maji sokoni, tema mate kiganjani. Muuzaji ameona mengi.

Sasa panga. Hakuna nyumba Ukambani isiyo nalo, na ndiyo sababu wageni hufikiri kubwa zaidi ni bora zaidi. Kwa kambi chukua jepesi, bapa la sentimita 40 hivi, jembamba, lisilozidi sana nusu kilo. Miti ya huku ni migunga na vichaka vya miiba, na tawi la mgunga halitaki nguvu, linataka kasi na mshazari. Ukilikata pembe mraba panga linadunda. Ukilikata kwa mshazari, upande wa chini wa tawi, linakatika kwa pigo moja. Simama kiasi kwamba panga likikosa, liishie ardhini na si kwenye muundi wako. Usivute tawi la miiba kwa mkono, livute kwa ncha ya panga au kwa fimbo yenye panda.

Kata miti mikavu tu. Nchi hii imeliwa na makaa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Kitui, chini ya Gavana Charity Ngilu, ilipiga marufuku biashara yake. Mgeni anayeangusha mti mbichi kwa ajili ya moto wa usiku mmoja atapata wageni wa kumhoji kabla chai haijaiva, na watakuwa na haki. Mukau, huo mti wa mbao ambao watu wa Kitui na Makueni wanaupanda kwa miaka mingi ili uje kulipa karo, usiuguse hata tawi. Kuni kavu unazipasua kwa kuweka panga juu ya kipande na kuligonga mgongoni kwa kipande kingine cha mti, si kwa kurusha panga hewani. Sio tendo la kishujaa lakini vidole vinabaki kumi.

Panga usilichimbie maji. Mito mingi ya huku, Tiva na Thua na mingineyo, ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na maji yako chini yake. Kishawishi cha kufukua kwa panga ni kikubwa. Dakika tano za mchanga zinatosha kufuta kazi ya nusu saa ya tupa. Tumia sufuria, bakuli, au uazime jembe kwenye boma la jirani. Utapata pia habari za wapi maji yana chumvi.

Kama safari yako ni ya samaki, ongeza kisu cha tatu, na hapa pekee ndipo nakubali urefu: sentimita 15, chembamba, kinachopinda kidogo ukikikandamiza. Athi ina tilapia, kambare na mikunga, na bwawa la Kiambere kwenye mto Tana nalo lina wavuvi wake. Tilapia anahitaji kwanza mgongo wa kisu, si makali. Mpare magamba kutoka mkiani kuelekea kichwani, ukijihadhari na miiba ya mgongoni, kisha mpasue kutoka kwenye tundu la haja mpaka chini ya kidevu, utoe matumbo na mashavu. Mashavu ndiyo yanayooza mapema kwenye joto la huku, na mtu anayeyaacha kwa uvivu huja kulalamika kwamba samaki wa Athi wana harufu ya tope.

Kambare ni habari nyingine. Hana magamba, ana ute, na kwenye mapezi ya kifuani ana miiba miwili migumu inayosimama akikasirika. Mkandamize kichwa kwa gunia bichi, si kwa mkono mtupu. Msugue kwa majivu ya moto wa jana au kwa mchanga mkavu ute utoke, ndipo umshike. Ukitaka kumchuna, kata ngozi duara nyuma ya kichwa na uivute kwa koleo kuelekea mkiani kama soksi. Mama mmoja anayeuza samaki aliwahi kunionyesha kwamba kwa kumbanika huhitaji hata kumchuna. Alimpasua, akamkunja mkia mpaka mdomoni, akampitishia kijiti, akamweka juu ya moshi. Kisu chake kilikuwa kipande cha bati lenye makali na kitambaa kilichozungushwa upande mmoja. Nilisitiri changu cha fedha nyingi mfukoni.

Kazi hii yote ifanye mbali na maji. Athi na Tana zina mamba, na matumbo ya samaki yanayotupwa ukingoni kila jioni ni sawa na kuwaita kwa jina. Chota maji kwa mtungi, rudi nyuma hatua nyingi, usafishe huko. Kisu cha mtoni kifunge kwa uzi kiunoni, kwa sababu kikidondoka katika maji ya rangi ya chai ya maziwa utakwenda nyumbani bila hicho. Usikipapase chini kwa miguu.

Kwa wanaoalikwa kurina asali, na asali ya Kitui ni sababu tosha ya safari, kisu hichohicho cha samaki kikioshwa vizuri kinatosha kukata masega. Mwachie mwenye mzinga ashike moshi.

Nikiri kwamba watu wananiudhi hapa: wananunua visu vitatu vizuri na hawabebi kitu cha kunolea. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na kisu kikali leo ni butu kesho kutwa. Beba tupa bapa kwa panga na kinoo kidogo chenye pande mbili kwa visu. Panga linolewe kwa kusukuma tupa upande mmoja tu, kutoka kwako kwenda nje. Kurudi nayo ikigusa kunaimaliza tupa yenyewe. Kisu kilaze juu ya kinoo kilicholowa, halafu inua mgongo wake kiasi cha nusu ya unene wa kidole gumba. Kaa na pembe hiyo hiyo, ukisukuma kana kwamba unataka kumega kipande chembamba cha jiwe. Ukihisi kwa ukucha kwamba upande wa pili umeota ukingo mdogo unaokwaruza, geuza. Maliza kwa kukiburuta kinyumenyume kwenye mkanda wako wa ngozi mara ishirini hivi. Kijaribu kwenye nyanya iliyoiva. Kikiteleza juu ya ganda, rudia. Usikijaribu kwa kukipitisha kidole kwa urefu, hata kama uliona babu akifanya hivyo. Babu alikuwa na ngozi ya jembe.

Kuna kazi moja ambayo kisu hakitakiwi kabisa. Bafe na nyoka wengine wapo huku, na wengi bado huamini kwamba aliyeumwa achanjwe kwa wembe ili sumu itoke. Haitoki. Unaongeza damu na uchafu juu ya sumu. Usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kuzuia damu. Vua pete na viatu kabla uvimbe haujaja, mlaze atulie, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, na mtafute gari la kwenda hospitali yenye dawa ya sumu ya nyoka. Jina la hospitali hiyo uliulize siku unapofika, si usiku wa tukio.

Usafiri nao una mambo yake. Panga shambani ni chombo cha kazi. Panga hilohilo kwenye mkutano wa siasa ni kesi, kwa mujibu wa Sheria ya Utulivu wa Umma. Katikati ya hapo kuna vizuizi vya polisi kwenye barabara ya Mombasa, na afisa ataangalia kwanza lilivyobebwa. Lifunge kwa gunia na kamba, liwe ndani ya buti au chini ya mizigo pamoja na sufuria na hema, si chini ya kiti cha dereva. Sime, ule upanga wa makali mawili wenye ala nyekundu unaouzwa kwa watalii, usiubebe kabisa. Hauna kazi kambini, na kila mtu anajua ulitengenezwa kwa kazi gani. Kwenye treni ya Madaraka Express usijisumbue. Kabla ya kupanda, mizigo inanuswa na mbwa na kupita kwenye mashine, na visu havipiti. Ukienda kwa treni ukashuka Emali, Kibwezi au Mtito Andei, nunua kisu cha fundi hukohuko.

Na ukirudi kwa treni, kiache. Mimi changu cha pili, cha springi ya lori, hukaa Ikutha kwa mwenyeji wangu. Kila nikirudi nakikuta kimepungua upana kidogo, kina harufu ya kitunguu, na kimenolewa vizuri kuliko nilivyokiacha.